Saa 100 zikawa 93: mwongozo kamili wa kuvunja rekodi ya dunia bila kukatwa saa zako

Ujumbe ninaoletewa mara nyingi kuliko wowote ni huu: "Dada, nimepika saa 60 mfululizo, mtaa mzima umeshuhudia, mbona Guinness hawanijibu?" Anawasema Guinness World Records, wanaothibitisha na kuorodhesha rekodi za dunia. Nikiuliza aliomba lini, jibu ni kwamba hakuomba. Nikiuliza dakika za kupumzika zimeandikwa wapi, jibu ni kwamba kulikuwa na mtu anazihesabu kichwani.

Watu hawa si wavivu. Wamesimama hadi miguu ikavimba. Kilichowaangusha ni karatasi na video, navyo hufanyiwa kazi kabla jiko halijawashwa. Mwongozo huu unahusu rekodi za muda mrefu zaidi (kupika, kusuka nywele, kusoma kwa sauti, kucheza bao), kwa sababu huko ndiko wengi wanakoangukia. Mfano wangu mkuu ni kupika.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Kusanya vyote kabla hujatangaza tarehe.

- Anwani ya barua pepe unayoifungua kila siku. Si ya mdogo wako, wala ya ofisi unayoweza kuhama.
- Saa kubwa ya tarakimu yenye sekunde, itakayoonekana kwenye video muda wote.
- Saa mbili za kuhesabia muda, zenye kitufe cha kuanzisha na kusimamisha. Simu si mbadala mzuri, maana ikipigiwa inavuruga.
- Kamera mbili au simu mbili zenye stendi, memori kadi za kutosha, na diski ya nje ya kuhamishia video.
- Umeme wa akiba: jenereta au betri yenye inveta, pawabanki, na ekstensheni ndefu zilizofungwa kwa gundi sakafuni.
- Daftari kubwa la jalada gumu lenye kurasa zilizopigwa namba. Kurasa za kuchomoa hazifai.
- Mashahidi na watunza saa (hesabu yao iko hatua ya nne).
- Mhudumu wa afya: daktari, tabibu au muuguzi mwenye cheti.
- Barua ya ruhusa ya eneo, kutoka serikali ya mtaa au kwa mwenye ukumbi.
- Mahali chakula kitakapopelekwa. Masharti ya Guinness World Records hayaruhusu chakula kutupwa. Kiliwe au kigawiwe.

Kwenye orodha hiyo hakuna "ada ya wakala". Maombi ya kawaida unayafanya mwenyewe kwenye tovuti yao. Mtu akikuambia umtumie pesa kwa simu ili "akuingize Guinness", mwache hapo hapo.

## Hatua ya 1: Chagua rekodi inayoweza kupimwa

Rekodi inayokubalika inapimika kwa kipimo kimoja, mtu mwingine anaweza kujaribu kuivunja, inaweza kufanywa kwa masharti yaleyale popote duniani, na inathibitishika. "Mpishi bora wa pilau Afrika" haipimiki. "Saa nyingi zaidi za kupika mfululizo" inapimika.

Milango mingine imefungwa kabisa. Guinness waliacha kupokea rekodi ya kukesha bila kulala tangu 1997, kwa sababu ya hatari yake kwa afya. Kulisha mnyama hadi awe mnene kupita wote hawapokei. Usipoteze muda huko.

Sasa nisikilize vizuri, maana ushauri huu hupuuzwa kuliko yote: kama hujawahi kujaribu, anza na rekodi fupi ya dakika moja au saa moja. Mwaka 2024 Abubakar Tahiru, kijana wa Ghana aliyekuwa akisomea misitu Marekani, alikumbatia miti 1,123 kwa saa moja kwenye msitu wa Tuskegee, Alabama. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, naye alikuwa amefunga, hata maji hakunywa. Kiwango cha chini alichowekewa kilikuwa miti 700. Masharti yalikuwa wazi: mikono yote miwili izunguke shina, mti mmoja usikumbatiwe mara mbili, na mti usiharibiwe. Saa moja ya video, mashahidi wachache, kazi imekwisha. Ukikosea unarudia wiki ijayo. Ukikosea kwenye saa 100, huenda usipate nguvu na fedha za kurudia tena.

Utajua umefanikiwa hatua hii ukiweza kuitaja rekodi yako kwa sentensi moja yenye kipimo kimoja, na anayekusikiliza asiulize "kivipi?"

## Hatua ya 2: Omba, kisha subiri masharti yako

Fungua akaunti kwenye tovuti ya Guinness World Records, tafuta rekodi unayoitaka, jaza fomu kwa Kiingereza. Si kila rekodi inaonekana kwa msomaji wa kawaida, kwa hiyo tafuta ukiwa umeingia kwenye akaunti. Kwa maombi ya kawaida jiandae kusubiri hadi wiki 12. Zipo huduma za kulipia ili ujibiwe haraka au uletewe mwamuzi wao siku ya tukio, ila ni ghali na si lazima. Rekodi nyingi za watu wa kawaida hupitishwa kwa ushahidi uliotumwa baadaye.

Ukikubaliwa utapokea vitu viwili vya thamani: masharti ya rekodi yako, na kiwango unachotakiwa kukipita.

Onyo la kwanza: usitumie masharti ya mtu mwingine uliyoyaona mtandaoni. Kila rekodi ina yake, na hubadilishwa. Namba ninazozitaja humu ni za kawaida kwa rekodi za muda mrefu. Zikitofautiana na karatasi yako, fuata karatasi yako.

Onyo la pili: usifanye tukio kabla ya masharti kufika. Mwaka 2023 kijana mmoja wa Nigeria alikusudia kulia mfululizo ili avunje rekodi. Alipoteza uwezo wa kuona kwa dakika 45, uso ukavimba, na kumbe hakuwa ameomba rasmi. Aliumia kwa jambo ambalo lisingehesabiwa hata angelimaliza.

Onyo la tatu: kiwango husogea. Faith Patricia Ariokot wa Uganda alikumbatia mti mmoja kwa saa 16 na sekunde 6, na Guinness wakamtambua mwaka 2024. Mwaka uliofuata Truphena Muthoni wa Kenya akakumbatia mti saa 48 jijini Nairobi, na Desemba mwaka huohuo saa 72 mjini Nyeri. Ndiyo maana nasema ingia tena kwenye akaunti yako wiki moja kabla ya tukio, na siku moja kabla, uangalie kiwango cha sasa.

Utajua umefanikiwa ukiwa na masharti yamechapwa kwenye karatasi, umeyasoma na kila mtu wa timu, na kila anayehusika ametia alama kwa kalamu kwenye sharti linalomhusu.

## Hatua ya 3: Jifunze hesabu ya mapumziko hadi uiote

Hapa ndipo rekodi nyingi zinapofia, kwa hiyo tukae hapa.

Sharti la kawaida ni hili: kwa kila saa kamili unayomaliza unapata dakika 5 za kupumzika. Usipozitumia zinajilimbikiza. Saa 4 zinakupa dakika 20, saa 12 zinakupa dakika 60, saa 24 zinakupa dakika 120, na saa 100 zinakupa dakika 500, yaani saa 8 na dakika 20 tu. Humo ndimo mna kulala, kula, kuswali, kwenda chooni na kubadili nguo. Hakuna fungu jingine.

Huruhusiwi kukopa. Ukiwa na dakika 9, huchukui 10 kwa ahadi kwamba utafidia mbele ya safari.

Tazama kilichompata Hilda Baci wa Lagos. Mei 2023 alipika kwa saa 100, jiji zima likimshangilia. Guinness walipopitia ushahidi walithibitisha saa 93 na dakika 11. Karibu saa 7 zilikatwa kwa sababu kwenye pumziko moja, mwanzoni mwanzoni, alichukua dakika za ziada kimakosa. Bado alikuwa juu ya rekodi ya Lata Tondon wa India, saa 87 na dakika 45, kwa hiyo akapewa cheti.

Ninavyolielewa mimi, pumziko lililozidi hukata mnyororo: kinachobaki ni kipande kirefu kisicho na kosa. Kosa lake lilikuwa mwanzoni, ndiyo maana kipande kilichobaki kilikuwa kirefu. Lingetokea saa ya 50, pasingebaki kipande chochote cha kufikia 87. Dakika chache tu zingekula siku nne nzima.

Januari 2024 Failatu Abdul-Razak alipika mjini Tamale, Ghana, kwa zaidi ya saa 227. Ni zaidi ya siku tisa. Guinness hawakuikubali, na sababu ilikuwa masharti ya mapumziko. Siwezi kuandika sentensi hiyo bila kuumia. Jitihada ile haikustahili kupotea.

Hivi ndivyo daftari la mapumziko linavyotakiwa kuonekana. Tukio limeanza Ijumaa 10:00:00 kwa mtindo wa saa 24, yaani saa nne asubuhi.

- Kutoka 14:02:00, kurudi 14:08:00. Saa zilizotimia 4, dakika zilizopatikana 20, zilizotumika 6, salio 14.
- Kutoka 19:10:00, kurudi 19:20:00. Saa zilizotimia 9, dakika zilizopatikana 45, zilizotumika jumla 16, salio 29.
- Kutoka 03:05:00, kurudi 04:05:00 (Jumamosi). Saa zilizotimia 17, dakika zilizopatikana 85, zilizotumika jumla 76, salio 9.

Tazama mstari wa mwisho. Alikuwa na dakika 69, akalala 60. Saa ya 18 ilitimia akiwa usingizini, ila sikuihesabia dakika zake kabla hajarudi kazini. Labda ingekubaliwa. Mimi siingii kwenye "labda" wakati njia salama ipo.

Kanuni ninazoziwekea timu yoyote:

1. Pumziko linaanza mkono unapoachia mwiko, si unapofika chooni. Linaisha mkono unaposhika tena kazi.
2. Salio lisishuke chini ya dakika 5, kamwe. Hizo ni za tumbo kuvuruga au umeme kukatika.
3. Anayelala anaamshwa dakika 4 kabla, na watu wawili. Mtu wa saa ya 60 haamki kwa kuitwa mara moja. Anakaa kitandani akitazama ukuta.
4. Mpishi hahesabu. Akiuliza "nina ngapi?" anajibiwa namba moja tu, na mtu mmoja tu.

Pima pia njia ya chooni. Simama jikoni, anzisha saa, nenda na urudi kwa mwendo wa mtu aliyechoka. Ikiwa ni dakika mbili kwenda na kurudi, safari kumi zinakula dakika 20, nazo ni malipo ya saa nne za kazi. Choo kiwe jirani kabisa, na nguo ziwe za kuvulika kwa mkono mmoja. Dera linafaa kuliko suruali ya mkanda.

Utajua umefanikiwa pale mtunza saa wako anapoweza kuamshwa usiku, akaambiwa "saa 31 zimetimia, zimetumika dakika 112", na akajibu "salio 43" bila kikokotoo.

## Hatua ya 4: Pata mashahidi wa kutosha, wasio ndugu zako

Wakati wote wa tukio wawepo mashahidi wawili walio macho, na zamu ya shahidi isizidi saa 4. Kwa tukio la saa 72 hizo ni zamu 18, na kila zamu watu 2, yaani nafasi 36. Kila mtu akikaa zamu 3 unahitaji watu 12. Andikisha 16, kwa sababu kuna atakayepata msiba, na kuna atakayezima simu saa tisa usiku.

Shahidi awe huru: si mke, si mume, si shemeji, si mfanyakazi wako, wala asiwe na faida yoyote kwenye tukio. Walimu wa shule ya jirani, karani wa mahakama aliyestaafu na makocha ni watu wazuri kwa kazi hii. Wamezoea kuandika na hawaoni haya kukwambia umekosea.

Watunza saa ni kazi tofauti na ushahidi. Usimpe mtu mmoja vyote viwili.

### Jinsi ya kuandika saa

Hapa pana mtego wetu wenyewe, sisi tunaozungumza Kiswahili. Shahidi wa kwanza anaandika "saa 3:10", akimaanisha asubuhi. Wa pili, aliyesoma saa ya simu, anaandika "9:10". Wa tatu anaandika "saa 3:10" naye anamaanisha usiku. Msomaji aliyeko London ataona daftari linalojipinga lenyewe.

Daftari zima liandikwe kwa mtindo wa saa 24, kama simu inavyoonyesha: 09:10, 21:10. Tarehe inabadilika 00:00, si magharibi. "Usiku wa kuamkia Jumapili" ni lugha nzuri ya kuzungumza, ila kwenye daftari andika tarehe kwa namba. Bandika karatasi ya mfano mbele ya meza ya mashahidi, na shahidi mpya aandike mstari mmoja wa majaribio kabla hajapokea zamu.

Maelezo ya mashahidi yaandikwe kwa Kiingereza, au yakiwa kwa Kiswahili yaambatanishwe na tafsiri.

## Hatua ya 5: Video isiyokatika

Video iwe moja kwa moja, haijahaririwa, inaonyesha wewe, kazi unayofanya na saa kubwa, vyote ndani ya fremu moja.

Fanya hesabu ya nafasi mapema. Simu nyingi kwa ubora wa 1080p hula kati ya GB 4 na 8 kwa saa. Chukua 6: saa 72 ni zaidi ya GB 430 kwa kamera moja. Rekodi saa nzima nyumbani uone yako inakula ngapi. Na ujue kwamba kamera nyingi za picha hujizima zenyewe karibu na dakika ya 30. Hazifai peke yake, hata kama picha zake ni nzuri.

Kamera ziwe mbili, na zisibadilishwe kadi kwa wakati mmoja. Ya kwanza ibadilishwe saa inapotimia, ya pili ibadilishwe nusu saa baadaye. Hivyo hakuna sekunde isiyokuwa na jicho.

Hili nililiona kwa macho. Nilishika daftari kwenye jaribio moja la kupika, miaka michache nyuma, mimi nikiwa mgeni wa kazi kama wengine. Kamera ilikuwa moja. Usiku wa pili mama yule alikuwa anakanda unga wa maandazi, vidole vimekauka na kupasuka kwenye viungio, anavichovya kwenye maji ya uvuguvugu kisha anarudi kukanda. Hakulalamika. Aliimba kwa sauti ya chini ili asisinzie. Kijana wa kamera alikuwa amejiegemeza ukutani. Alfajiri tulipotazama, kadi ilikuwa imejaa tangu 03:19 na iliyofuata ilianza 04:00. Dakika 41 hazipo. Mashahidi walikuwepo, daftari liliandikwa, unga ulikandwa, na bado tulijua. Yeye alituangalia mmoja mmoja, akaendelea kusukuma maandazi. Alimaliza saa alizoahidi. Cheti hakikuja.

Tangu siku hiyo, kwenye timu yoyote ninayoisaidia kuna mtu ambaye kazi yake ni moja: kila dakika 15 anagusa kamera zote mbili, anaangalia taa nyekundu, nafasi iliyobaki na chaji, anaandika, anatia sahihi.

Utajua umefanikiwa ukifanya jaribio la saa 12 na ukapata saa 12 kamili za video kutoka kamera mbili, bila pengo hata moja.

## Hatua ya 6: Fanya mazoezi ya timu nzima

Jaribio la kwanza saa 12, la pili saa 24, na mashahidi wa kweli na daftari la kweli. Lengo si kuchosha mwili. Unatafuta kinachovunjika: mkaa unaisha saa ngapi, mtungi wa gesi unabadilishwa na nani wakati sufuria liko motoni, shahidi wa zamu ya alfajiri anafikaje pasipo daladala.

Panga mapishi kwa mpangilio wa usiku na mchana. Saa nane hadi kumi na moja alfajiri akili imelala hata macho yakiwa wazi. Wakati huo usikate vitunguu kwa kisu kikali, wala usikaange kwenye mafuta ya kina. Weka vitu vya kukanda, kuchambua na kukoroga: maandazi, uji, maharage. Na usiache jiko likae bila kazi ukidhani kusubiri maji yachemke ni kupika. Masharti yako yatakueleza kinachohesabika, na shahidi mkali atakuandika.

## Hatua ya 7: Afya, na nani ana haki ya kusimamisha

Kubalianeni kwa maandishi kabla ya siku: mhudumu wa afya akisema basi, ni basi. Si mume, si mfadhili, si wewe. Mtu wa saa ya 70 hawezi kujipima mwenyewe.

Dalili za kusimamisha mara moja: kuchanganyikiwa au kuona visivyokuwepo, maumivu ya kifua, kutokojoa kwa saa nyingi, miguu kuvimba upande mmoja kwa maumivu, kuanguka. Kunywa maji kidogo kidogo kila saa, na maji ya ORS (chumvichumvi za kurudisha maji mwilini) hasa kwenye joto la pwani. Usinywe dawa za kuondoa usingizi. Ni hatari, na zinaweza kukuharibia jaribio lenyewe.

## Hatua ya 8: Siku yenyewe

Anza asubuhi, mwili ukiwa mpya. Kabla ya kuanza, shahidi asome masharti kwa sauti mbele ya kamera, aonyeshe saa kubwa na saa ya simu zikilingana, kisha watunza saa waanzishe pamoja kwa ishara moja.

Ukipita rekodi, usisimame hapo hapo. Ongeza saa kadhaa, nyingi uwezavyo. Hilda Baci alinusurika kwa sababu alikuwa na saa za ziada za kukatwa.

Wageni wapokelewe mbali na meza ya mashahidi. Nimeona mheshimiwa akija na msafara, anasimama mbele ya kamera dakika tano kupiga picha na mpishi, amefunika saa na sufuria. Weka kamba na mtu mpole mwenye msimamo.

Tangazeni kwamba ni *jaribio*. Msiseme "rekodi imevunjwa" kwenye redio jioni hiyo. Hata Eliud Kipchoge, aliyekimbia kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40 pale Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, muda huo haukuandikwa kuwa rekodi rasmi ya riadha, maana hayakuwa mashindano ya wazi na wasaidizi wa kasi walikuwa wakipokezana. Rekodi yake rasmi wakati huo ilibaki 2:01:39 ya Berlin 2018. Masharti hayamtazami mtu usoni.

Kwa wanaopima uzito badala ya muda, neno moja: pima chombo kitupu kwanza, mbele ya mashahidi, kwa mizani yenye cheti cha uhakiki, na fikiria namna ya kukinyanyua kikiwa kimejaa. Wali wa jollof wa kilo 8,780 uliopikwa Lagos Septemba 2025 ulithibitishwa, ila sufuria lilipinda kreni ilipolinyanyua kwenda kupimwa. Na kwa rekodi za umati, kama kupanda miti kwa pamoja, kawaida hutakiwa msimamizi mmoja kwa kila watu 50.

## Hatua ya 9: Ushahidi, kabla watu hawajatawanyika

Usilale kwanza. Au lala wewe, timu isilale. Ndani ya saa 24 yawe yamepatikana:

- Maelezo yaliyotiwa sahihi ya kila shahidi: jina, kazi, zamu yake kwa tarehe na saa, alichokiona. Ukimwachia "nitakuletea wiki ijayo" hutampata.
- Daftari lote, limepigwa picha ukurasa kwa ukurasa.
- Video zote kwenye diski mbili, zinazohifadhiwa nyumba mbili tofauti. Majina ya faili yawe na tarehe na saa ya kuanza, kwa mfano KAMERA-A 2026-03-14 0900.
- Picha nzuri, na habari za magazeti au televisheni kama zipo.
- Barua ya maelezo: nani, wapi, lini, muda uliofikiwa, na orodha ya kila kilichoambatanishwa.

Pitia hesabu ya mapumziko upya kwa kutumia video, si daftari. Ukigundua kosa, liandike kwenye barua yako na ueleze muda unaobaki halali. Watalikuta tu, na ni heri walikute limeshasemwa na wewe.

Pakia kila kitu kupitia akaunti uliyoombea. Video ndefu zinaweza kuchukua siku kadhaa, kwa hiyo tafuta intaneti ya uhakika, si bando la usiku. Kisha jiandae kusubiri tena wiki 12 au zaidi. Wakiomba kipande cha nyongeza, jibu siku hiyohiyo.

Wakikataa, soma sababu neno kwa neno, ibandike ukutani, na uombe tena ukiwa na timu ileile. Wakikubali, wataomba anwani ya kutumia cheti: andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, sanduku la posta linalofanya kazi, na namba ya simu yenye msimbo wa nchi, kisha nenda posta ukaulize mwenyewe kila wiki.